Tai badala ya nyoka: namna ya kuzisoma bendera za Frimasoni

Yakobo alipokuwa kitandani akikaribia kufa, aliwaita wanawe kumi na wawili akamtamkia kila mmoja neno lake. Yuda akaitwa mwana-simba, Benyamini mbwa-mwitu, Naftali ayala aliyefunguliwa. Isakari, maskini, akaangukia punda. Dani ndiye aliyepewa neno la kutisha: nyoka barabarani, bafe katika njia, aumaye visigino vya farasi. Maneno hayo yamo katika Mwanzo 49, na ndiyo yaliyozaa picha nyingi za bendera zinazosimamishwa katika vyumba vya Royal Arch, daraja ambalo Frimasoni wa Uingereza hulihesabu kuwa ukamilisho wa safari ya mwanachama. Simba utamkuta. Punda utamkuta, na mbwa-mwitu pia. Lakini ukifika kwenye bendera kuu ya Dani, nyoka amempisha tai.

Huku kwetu, ukitaja Frimasoni tu, watu huanza kumtafuta nyoka. Kwa hiyo swali lina maana: chama kinachosemwa kila siku kuwa kinamwabudu Ibilisi kilipata nafasi ya kutundika nyoka mahali pa heshima kwa idhini kamili ya Maandiko. Mbona hakikuitumia?

Jibu halina uchawi. Katika Hesabu sura ya 2 Waisraeli wanaamriwa kupanga kambi jangwani, kila mtu penye beramu yake, yaani bendera ya kabila lake, kuizunguka hema ya kukutania. Mashariki anakaa Yuda, akiwa na Isakari na Zabuloni. Kusini Reubeni, na Simeoni na Gadi. Magharibi Efraimu, na Manase na Benyamini. Kaskazini Dani, na Asheri na Naftali. Walawi wako katikati, karibu na hema. Biblia inazitaja beramu hizo bila kusema zilichorwa nini. Pengo hilo lilizibwa na wanazuoni wa Kiyahudi waliofuata. Midrashi ya kitabu cha Hesabu, yaani mafafanuzi ya kale ya marabi, ilimwachia Dani nyoka wake. Lakini Ibn Ezra, mfasiri wa karne ya 12, alinukuu kauli ya wazee kwamba makabila manne yaliyoongoza pande nne yalikuwa na mtu kwa Reubeni, simba kwa Yuda, ng'ombe kwa Efraimu na tai kwa Dani, ili kambi nzima ilandane na viumbe wanne aliowaona nabii Ezekieli. Frimasoni walichukua mapokeo haya ya pili kwa bendera zao kuu. Hapo ndipo nyoka alipopoteza kazi.

Nyuso hizo nne si mali yao. Ezekieli aliziona kando ya mto Kebari, Yohana akaziona tena katika Ufunuo sura ya 4, na kwa karne nyingi Kanisa limezigawa kwa waandishi wa Injili: mtu kwa Mathayo, simba kwa Marko, ng'ombe kwa Luka, tai kwa Yohana. Zimechongwa kwenye mimbari, zimetariziwa kwenye mavazi ya mapadre, zimepigwa chapa kwenye majalada ya vitabu vya Injili. Msomaji Mkatoliki huenda amekaa mbele yake Jumapili nyingi bila kutetemeka. Zikihamia ukuta wa jengo jingine, anatetemeka.

Ndani ya chumba cha Royal Arch bendera ndogo kumi na mbili husimama kwa safu mbili, sita upande huu na sita upande ule, kila moja kwenye fimbo yake. Macho yanaelekezwa mashariki, ziliko bendera kuu nne pamoja na ile yenye alama ya tau tatu, maumbo ya herufi T, zilizounganishwa. Wanachama hufundishwa kwamba mtu ni akili na ufahamu, simba ni nguvu, ng'ombe ni subira na bidii, tai ni wepesi wa kutekeleza mapenzi ya Mungu. Mafundisho hayo hayana uzito mkubwa, na mwalimu yeyote wa shule ya Jumapili angeyamaliza kabla ya kengele. Aliyekwenda kutafuta siri ya dunia atatoka amevunjika moyo.

Kinachonivutia mimi kiko pembeni ya mafundisho hayo, nacho ni suala la nyakati. Kisa kinachoigizwa katika chumba hicho si cha jangwani. Ni cha Wayahudi waliorudi kutoka Babeli kulijenga upya Hekalu la Yerusalemu, na viongozi watatu wa mkutano hushika nafasi za Zerubabeli, nabii Hagai na Yoshua kuhani mkuu. Amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ya kuwaruhusu warudi ilitoka mwaka 538 KK. Kabla ya hapo, mwaka 722 KK, Waashuru walikuwa wameuangusha ufalme wa kaskazini na kuwahamisha watu wake. Kitabu cha Ezra kinapotaja walioinuka kurudi, kinataja wakuu wa Yuda na Benyamini, makuhani na Walawi. Dani hatajwi. Naftali hatajwi. Zabuloni, Gadi, Asheri, kimya. Hata hivyo, katika chumba kile bendera zao zote zimo, zimesimama kwa kuikumbuka kambi ya Musa kana kwamba hakuna aliyepotea. Fimbo ipo, bendera ipo, kabila lenyewe halipo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: bendera ya Frimasoni, iwe ya Royal Arch au ya loji, yaani tawi la chama, ya mji mdogo, kwanza kabisa ni dai la nasaba. Hutundikwa na watu ambao ukoo wao wa kiroho au wa kijamii umekatika, una shaka, au umekataliwa na wenzao. Ukiisoma hivyo inafunguka. Ukiisoma kwa kumsaka shetani utabaki kuhesabu macho na pembetatu mpaka uchoke.

Tazama nyuso nne zilivyofika London. Tarehe 24 Juni 1717 loji nne zilikutana kwenye baa iliyoitwa Goose and Gridiron na kuunda Loji Kuu. Wanachama wake wengi hawakuwa wamewahi kushika mwiko wa ujenzi, lakini walitumia ngao yenye ngome tatu na bikari, iliyotokana na nembo waliyopewa waashi wa kweli wa London mwaka 1472. Hilo lilikuwa dai la kwanza: mabwana waliovaa mawigi wakijitambulisha kuwa warithi wa mafundi waliopasua mawe ya makanisa makuu.

Mwaka 1751 likazuka kundi pinzani. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa Wairishi waliohamia London, mafundi na watu wa vipato vidogo, ambao hawakujiona wana nafasi katika loji za wakubwa. Katibu wao mkuu, Laurence Dermott, mwenyewe Mwairishi aliyeanza maisha ya London kama kibarua wa kupaka rangi, alikuwa na kipaji cha maneno. Kundi lake changa alilibandika jina la Wakongwe, na Loji Kuu iliyowatangulia kwa zaidi ya miaka thelathini akaiita ya Wa Kisasa. Jina likashika! Mpaka leo wanahistoria wanalazimika kuandika kwamba Wakongwe walikuja baada ya Wa Kisasa.

Kisha Dermott akaleta ngao. Simba, ng'ombe, mtu, tai. Aliandika kwamba alama hizo zilipatikana katika mkusanyo wa Jacob Judah Leon, mwanazuoni wa Kiyahudi wa Amsterdam wa karne ya 17 aliyepata sifa kwa kutengeneza mfano wa Hekalu la Sulemani. Wahamiaji hawa mwanzoni hawakuwa na mabwana wakubwa wa kuwalinda kama wenzao, basi waliiruka nembo ya mwaka 1472, wakazipita enzi za kati zote, wakatua mlimani Sinai. Anayekuambia wewe ni mgeni mjini, unamwonyesha kambi ya Musa. Na Royal Arch, ambayo Dermott aliiita shina, moyo na uboho wa Ufrimasoni, ikawa ndiyo nyumba ya alama hizo.

Makundi hayo mawili yaliungana tarehe 27 Desemba 1813. Ngao ikapasuliwa katikati: upande mmoja ngome za Wa Kisasa, upande wa pili nyuso nne za Wakongwe. Mwaka 1919 ukaongezwa ukingo wa simba wa Kiingereza, kuonyesha uhusiano na jamaa ya kifalme. Ngao hiyo ndiyo inayotumika hadi sasa, na mtu anaweza kuisoma kama cheti cha kuzaliwa kilichobadilishwa mara tatu. Tumetokana na waashi. Hapana, tumetokana na Israeli. Haya basi, na wafalme pia ni ndugu zetu.

Daraja la Frimasoni linalojiita la Watempla linakwenda mbali zaidi. Bendera yake nyeusi na nyeupe ni ya mashujaa wa vita vya msalaba waliovunjwa na Papa Clement wa Tano mwaka 1312 na ambao kiongozi wao, Jacques de Molay, alichomwa moto Paris mwaka 1314. Daraja lenyewe ni la karne ya 18. Kati ya moto ule na bendera hii kuna zaidi ya miaka 400 ambayo hakuna hati inayoiunganisha. Uzi wa tarizi ndio kiungo pekee.

Huenda msomaji akaona ninawacheka. Kidogo, ndiyo. Lakini dai la nasaba likishikwa na mtu aliyenyimwa utu, linakoma kuwa la kuchekesha, na mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Boston. Tarehe 6 Machi 1775, Prince Hall, mtu mweusi huru, na wenzake kumi na wanne waliingizwa Ufrimasoni na loji ya wanajeshi wa jeshi la Kiingereza iliyokuwa na hati ya Ireland. Loji za wazungu wa mji hazikuwataka. Jeshi lilipoondoka waliachiwa ruhusa ya kushangaza: wanaweza kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana na kuwazika wafu wao kwa taratibu za chama, lakini hawawezi kuingiza mwanachama mpya. Yaani watembee barabarani na kwenda makaburini, ila wasizaliane.

Waliomba hati London, ikatolewa mwaka 1784 ikiwa na namba 459, ikawafikia mwaka 1787. Kutoka hapo kikakua chama kizima cha Wamarekani weusi kinachobeba jina la Prince Hall hadi leo. Wakati mtu mweusi nchini Marekani alikuwa bado anauzwa mnadani, wanaume hawa walikuwa wakipita mitaani kwa aproni na alama zao, wakidai baba mmoja na wazungu waliowafungia mlango. Wazungu walilielewa dai hilo vizuri sana, ndiyo maana walilikataa kwa muda mrefu. Loji Kuu ya kwanza ya jimbo la Marekani kuvunja ukuta huo na ukabaki umevunjika ni ya Connecticut, mwaka 1989. London ilimtambua mzaliwa wake wa Boston mwaka 1994. Hesabu mwenyewe miaka hiyo.

Bendera za loji za kawaida katika miji ya Uingereza ni habari ya upole zaidi. Hariri au mahameli, nyuzi za dhahabu, matamvua pembeni, kijiti cha kupitishia juu ili inyooke. Katikati kunachorwa kitu cha mahali: ngome ya mji, daraja la mto, meli kama ni bandari, kanisa la zamani, au mtakatifu ambaye loji imechukua jina lake. Juu yake jina, namba na mwaka wa kuanzishwa. Siku ya kuizindua hufanyika ibada ndogo, kasisi wa chama huomba na mtu hutoa hotuba. Namba yenyewe ni habari kwa anayejua kusoma: ndogo humaanisha loji kongwe, na kwa kuwa mara ya mwisho London kupanga upya namba zote ilikuwa mwaka 1863, hilo husaidia kukadiria umri wa vitu vyenye namba za zamani. Ukizitazama nyingi kwa pamoja unachoka upesi. Zinafanana na majivuno ya mji wowote.

Kutoka huko mtindo ukaenea kwa watu wengine waliokuwa na la kudai. Vyama vya kusaidiana na vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vya karne ya 19 vilijaza bendera zao mikono iliyoshikana, nguzo mbili, na jicho linaloona yote. Kampuni ya George Tutill, iliyoanza mwaka 1837, ilishona bendera za vyama vya wafanyakazi kwa wingi, na mkutano wa wachimba makaa wa Durham, ulioanza mwaka 1871, bado unazipitisha barabarani kwa bendi. Mchimba makaa aliyebeba jicho la Mungu juu ya kichwa chake alikuwa akisema kazi yake ina shahidi mbinguni hata kama mwajiri haioni. Jicho lenyewe, tukiwa tumelifikia, liliwekwa kwenye muhuri wa Marekani mwaka 1782, na aliyelisambaza sana kama alama ya Frimasoni ni Thomas Smith Webb katika kitabu chake cha mwaka 1797. Wanaosema muhuri ulilichukua kwa Frimasoni wasome tarehe hizo tena.

Kuazima alama si dhambi ya Frimasoni peke yao. Lejio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921 na inayojulikana katika parokia nyingi za Tanzania na Kenya, husimamisha mezani veksilumu, bendera iliyoigwa kwa jeshi la Kirumi. Ni jeshi lile lile lililompigilia Yesu misumari. Tai wa Kirumi ameondolewa juu ya mlingoti, akawekwa njiwa wa Roho Mtakatifu. Hakuna mwenye akili timamu anayesema akina mama wa Lejio wanamwabudu Kaisari. Wanatambua kwamba alama ilibadilishwa bwana, na kwamba bwana mpya ndiye mwenye kauli. Huruma hiyo ya kusoma hatuwapi Frimasoni.

Kwetu loji zilikuja na utawala wa Waingereza, zikajenga majumba yanayoonekana na kila mpita njia, mojawapo likiwa Nairobi, barabara ya Nyerere, na jingine katikati ya Dar es Salaam. Kwa afisa wa kikoloni aliyetupwa maelfu ya maili kutoka kwao, chumba chenye bendera na nguzo zilezile za nyumbani kilikuwa kambi jangwani: nje jua na lugha asiyoijua, ndani mashariki iko palepale. Lakini kambi ina mpaka, na mwenyeji wa nchi alibaki nje ya mpaka huo kwa miaka mingi, akiona magari yanaingia jioni na kutoka usiku. Uvumi mwingi tulionao ulizaliwa hapo mlangoni, nami siwalaumu waliouzaa. Ukifungiwa mlango na mtu anayekutawala, huna sababu ya kudhani kwamba ndani wanakutakia heri.

Baadaye mlango ulifunguka kiasi. Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimjua kama Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa, mfanyabiashara mkubwa wa Tanzania na Mhindu, aliongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, akalisema jambo hilo hadharani bila kuficha mpaka alipofariki mwaka 2017. Mhindu kusimama chini ya simba wa Yuda ni dai la nasaba ambalo Dermott hakuliota. Wanawake, hata hivyo, bado hawaingii katika loji za mkondo wa London. Wana vyama vyao wenyewe, kimojawapo kikiwa kimeanza Uingereza mwaka 1908. Kwa chama kinachojisifu kwa udugu wa binadamu wote, hilo ni pengo ambalo hakuna tarizi inayoliziba.

Sasa yule mbuzi. Kichwa cha mbuzi chenye pembe kinachozunguka kwenye simu zetu kikiwa na neno Frimasoni chini yake kilichorwa na Mfaransa Éliphas Lévi, mwandishi wa mambo ya uganga, katika miaka ya 1850. Aliyekigandisha kwa Frimasoni katika macho ya umma ni Mfaransa mwingine, Léo Taxil, ambaye kwa takribani miaka kumi na miwili aliwauzia wasomaji vitabu kuhusu ibada za shetani ndani ya loji, akapata hata kupokewa na Papa Leo wa Kumi na Tatu. Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliwaita watu ukumbini Paris akawaambia kwamba yote aliyatunga. Watu walikasirika sana, lakini picha haikurudi ilikotoka. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ujuzi wa siri za Frimasoni ni mabaki ya utani wa mtu aliyekiri mwenyewe.

Karne ya 20 iliongeza mbinu nyingine, na hii ndiyo inayohusu bendera moja kwa moja. Mwaka 1941 wanajeshi wa Hitler walilipora jengo la Frimasoni la kisiwa cha Jersey na vitu vyake vikapelekwa kuonyeshwa Berlin. Mwaka huohuo, mjini Belgrade iliyokaliwa na Wajerumani, yalifunguliwa maonyesho makubwa ya kuwachongea Frimasoni na Wayahudi kwa pamoja. Nchini Hispania utawala wa Franco, uliopitisha sheria ya kuwakandamiza Frimasoni na wakomunisti tarehe 1 Machi 1940, ulitengeneza huko Salamanca loji ya kuigiza yenye sanamu zilizovaa majoho, na bado ipo kama sehemu ya jumba la kumbukumbu. Mbinu ni rahisi. Ng'oa bendera mahali inapoeleweka, ondoa mji wake, mwaka wake na mtu aliyeishona, punguza taa. Kitu chochote ukikitendea hivyo kitatisha. Video nyingi za mtandaoni zinazotengenezwa leo hazijui kwamba zinafuata mkondo huo, ila zinaufuata, na wenye mkondo huo walikuwa wakitayarisha watu kukubali mauaji.

Nisieleweke kwamba hakuna sababu za heshima za kuwakataa Frimasoni. Zipo. Kanisa Katoliki liliwapinga kwa waraka wa Papa Clement wa Kumi na Mbili mwaka 1738, na tarehe 26 Novemba 1983 Kardinali Joseph Ratzinger alitia saini tamko kwamba Mkatoliki anayejiunga yuko katika dhambi nzito. Baraza la Fiqhi la Makka lilitoa uamuzi wake mkali mwaka 1978. Kiini cha hoja ya Kanisa ni kwamba chama kinachomweka kila mtu na Mungu wake chini ya jina moja la Msanifu Mkuu kinaifanya imani kuwa jambo la hiari. Hiyo ni hoja ya watu wazima. Inaweza kujadiliwa, na haina haja ya pembe wala mkia.

Ipo pia hoja ya madaraka, na kwa nchi zetu naiona kuwa nzito zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1799 iliyopiga marufuku vyama vya viapo iliwasamehe Frimasoni kwa sharti kwamba loji zipeleke majina ya wanachama wao kwa mamlaka kila mwaka, na sharti hilo liliishi mpaka mwaka 1967. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza ilianza kuwataka majaji wapya waseme kama ni wanachama. Ikaliondoa takwa hilo mwaka 2009. Hata hao wenye chama, basi, wamekuwa wakivutana kwa zaidi ya karne mbili kuhusu nani anapaswa kujua nani ni nani. Swali la kumwuliza jaji, kamishna wa polisi au mkuu wa bodi ya zabuni hapa kwetu ni hilohilo: umeapa kumsaidia nani, na nani yuko mezani kwako leo? Linawahusu Frimasoni sawasawa na linavyowahusu klabu za gofu, ukoo, na wale waliosoma shule moja. Sisi tumelitupa, tukabaki tunabishana kama msanii fulani alikunja vidole vyake kwa ishara gani kwenye video.

Matapeli wanalijua pengo hilo kuliko wachambuzi. Karatasi zao zimebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya daladala: jiunge na Frimasoni, upate gari, nyumba na fedha, piga namba hii. Anayepiga huombwa kwanza hela ya fomu, halafu ya kafara, halafu ya kuutoa mzigo bandarini, na kila mwezi zinatoka habari za mtu aliyelizwa. Karatasi hizo zina jicho, zina pembetatu, mara nyingi zina mbuzi wa Lévi. Hazina jina la loji, hazina namba, hazina mji wala mwaka, vitu ambavyo bendera ya loji ya mji mdogo kabisa wa Uingereza haikosi. Nyuma ya bendera hiyo ya hariri kuna orodha ya watu wanaolipa ada kila mwaka kutoka mifukoni mwao, wakala chakula cha jioni walichokinunua wenyewe, wakarudi nyumbani na magari waliyokwenda nayo.